"Huyu ni Mtoto wa Nani?" Ukiukaji wa Kaida za Kila Siku na Mwitiko wa Jamii katika Riwaya Tatu za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna ukiukaji wa kaida za kila siku na mwitiko wa jamii unavyosawiriwa katika riwaya tatu za Kiswahili: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Uhakiki unaongozwa na mawazo ya mwanasosholojia Harold Garfinkel kuhusu yale yanayotokea pale mtu anapovunja makusudi matarajio ya kawaida ya wenzake. Hoja kuu ni kwamba katika riwaya hizi uzito wa adhabu hautokani na uzito wa kosa, bali na nafasi ya mkosaji katika nyumba na mtaa wake. Binti anayekiuka kaida huadhibiwa kabla ya kuulizwa, ilhali baba anayekiuka kaida hutafutiwa sababu hata pasipokuwa na sababu. Makala yanahitimisha kwamba riwaya hizi hazipingi kuwepo kwa kaida. Zinachofanya ni kulirejesha swali la jamii, "huyu ni mtoto wa nani?", mpaka lifike kwenye mlango ambao jamii haikutaka kuugonga.

1.0 Utangulizi

Katika mitaa mingi ya Waswahili, kijana anayempita mtu mzima bila kumwamkia haadhibiwi papo hapo. Mtu mzima husimama kidogo, humtazama kijana akiishilia, kisha humgeukia aliye karibu naye na kuuliza: "Huyu ni mtoto wa nani?" Swali hilo ni fupi, lakini limebeba mengi. Linatangaza kwamba kuna jambo lililokosewa, na papo hapo linakataa kuamini kwamba kosa limeanzia kwa mkosaji mwenyewe. Aidha, linatafuta nyumba ya kupelekewa lawama.

Swali hilo lina mizizi katika falsafa ya malezi inayobebwa na methali. Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa mtazamo huo, adabu ya mtu ni ushahidi wa nyumba aliyotoka. Hata hivyo, methali nyingine inayotajwa sana katika muktadha huu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, inaonesha upande ambao swali hilo huelekea. Jamii inapouliza "mtoto wa nani?", mara nyingi jibu linalotarajiwa ni jina la baba, lakini lawama inayofuata hubebwa na mama. Tofauti hiyo kati ya mwenye jina na mbeba lawama ndiyo inayochunguzwa hapa.

Riwaya tatu zilizoteuliwa zina mambo yanayozikutanisha. Kila moja inamweka katikati msichana aliyelelewa chini ya masharti makali au aliyeamuliwa maisha yake na wakubwa. Kila moja inamfikisha msichana huyo mahali anapovuka mpaka aliowekewa. Vilevile, katika kila moja mwandishi anatumia kurasa nyingi zaidi kueleza walivyotenda watu wengine baada ya mpaka kuvukwa kuliko kueleza tendo lenyewe. Kwa sababu hiyo, mwitiko wa jamii si pambo la msuko katika kazi hizi. Ndio kiini chake.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Garfinkel, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu mbinu ambazo watu wa kawaida huzitumia kuufanya ulimwengu wao ueleweke, anaeleza zoezi alilowapa wanafunzi wake nchini Marekani. Aliwataka watumie kati ya robo saa na saa moja nyumbani kwao wakijifanya wapangaji: wawe na heshima ya mbali, wasizungumze mambo ya ndani, na waseme pale tu wanaposemeshwa. Hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna aliyetukanwa. Hata hivyo, familia zilitaharuki. Kulikuwa na mshangao, kisha maswali mengi kuhusu afya ya mwanafunzi, uchovu wa masomo au ugomvi na mchumba, na hatimaye hasira. Hata baada ya kuelezwa kwamba lilikuwa zoezi tu, baadhi ya familia hazikuona la kuchekesha.

Kutokana na zoezi hilo, hatua tatu za mwitiko zinaweza kutofautishwa: mshangao, utafutaji wa sababu, na karipio. Hatua ya pili ndiyo yenye uzito zaidi katika uhakiki huu. Anayetafutiwa sababu bado anahesabiwa kuwa mwenzetu, kwa kuwa jamaa wanaomuuliza "una nini?" wanaamini kwamba amepotea kwa muda na anaweza kurejea. Anayeadhibiwa bila kuulizwa ameshatolewa nje ya mduara.

Mawazo hayo hayawezi kuhamishwa mzimamzima hadi kwenye riwaya za Kiswahili. Kwanza, mwanafunzi wa Garfinkel alikuwa na mlango wa kutokea. Saa ilipokwisha, alisema kwamba alikuwa akifanya kazi ya darasani, na maisha yakaendelea. Wahusika wa riwaya hizi hawana saa inayokwisha. Pili, familia za wanafunzi wale zilitafuta sababu ndani ya mtu binafsi, yaani katika mwili wake, akili yake au mapenzi yake. Jamii inayosawiriwa katika riwaya hizi hutafuta sababu katika ukoo na malezi. Swali la kwanza humtazama mkosaji usoni, ilhali la pili humpita na kwenda nyumbani kwao. Tofauti hii inaeleza kwa nini fedheha ya binti mmoja inaweza kuivunja nyumba nzima.

3.0 Rosa Mistika: Kusikilizwa Baada ya Kufa

Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mkali kwa mkewe Regina na kwa binti zake. Ulevi wake unajulikana kijijini, kwa hiyo kwa kipimo cha kaida yeye ndiye mkiukaji wa kwanza katika riwaya. Mwitiko wa jamii kwake, hata hivyo, ni wa mazoea. Watu wanajua, wanasema pembeni, na maisha yanaendelea. Ulevi wake umekuwa sifa yake, kama vile urefu au ufupi wa mtu unavyokuwa sifa yake. Kosa linalorudiwa na mwenye mamlaka hugeuka kuwa tabia, na tabia huzoeleka.

Kwa Rosa mambo ni kinyume. Barua ya kijana Charles inapoingia mikononi mwa Zakaria, binti anapigwa vibaya. Kosa lake, kama ni kosa, ni la kuandikiwa. Kezilahabi anaonesha kwa uwazi kwamba hatua ya kutafuta sababu imerukwa. Zakaria hamuulizi Rosa chochote ambacho jibu lake lingeweza kubadili kipigo. Kuanzia hapo, binti anajifunza kwamba mazungumzo na mvulana na uovu mkubwa vina adhabu moja. Somo hilo ndilo linalokwenda naye shuleni na chuoni, mbali na fimbo ya baba. Anapoanza kuishi maisha ambayo jamii inayaita upotovu, hana kipimo cha ndani cha kumwonesha hatua ndogo na hatua kubwa. Malezi yalimfundisha kuogopa kuonekana. Hayakumfundisha kuchagua.

Charles anapobaini maisha ya nyuma ya Rosa na uchumba kuvunjika, hatua ya kuuliza inarukwa kwa mara nyingine. Ukweli kuhusu mwili wa Rosa unatosha kuwa hukumu, na Rosa anajiua. Riwaya ingeweza kukoma hapo na kusomwa kama onyo kwa wasichana. Kezilahabi hakukubali hitimisho hilo. Anawafikisha Rosa na baba yake mbele ya Mungu, na huko ndiko swali la malezi linakoulizwa waziwazi, baba akiwepo na binti akiwa na haki ya kusema.

Baraza la hukumu si jambo geni katika nathari ya Kiswahili. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anashtakiwa kwa kuingiza elimu ya sheria katika nchi isiyoitaka, na sehemu kubwa ya kitabu ni utetezi wake mbele ya baraza. Karama ni mkiukaji wa kaida za nchi yake, lakini ni mwanamume anayesimama barazani, anapewa muda, na maneno yake yanasikilizwa. Anasikilizwa angali hai. Rosa anapata baraza lake baada ya kufa. Pengo hilo kati ya vitabu viwili si la miaka 20 tu. Ni pengo kati ya mtu ambaye jamii inaona haja ya kumshtaki kabla ya kumwadhibu na mtu ambaye kwake kipigo chenyewe ni mashtaka na hukumu.

Upungufu wa Kezilahabi unaonekana pia hapa. Katika sehemu za katikati, msimulizi anaorodhesha makosa ya Rosa kwa mwendo wa haraka unaokaribia ule wa umbeya. Msomaji anaambiwa mengi aliyofanya Rosa na machache aliyoyawaza. Kwa kiasi fulani basi, usimulizi wenyewe unashiriki katika kumhukumu binti bila kumsikiliza, na baraza la mwisho linalazimika kulipa deni ambalo kurasa zilizotangulia zimeliacha.

4.0 Utengano: Ukuta na Mwenye Ukuta

Said Ahmed Mohamed analipeleka suala hili mbele zaidi kwa kulifanya jengo. Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, tajiri mwenye jina katika siasa na mtaani. Kwa nje, kufungiwa huko kunaitwa sitara. Katika utamaduni wa pwani, sitara ni neno lenye heshima, kwani linahusu kufunikwa kwa aibu, kulindwa kwa udhaifu na kuhifadhiwa kwa siri ya nyumba. Riwaya haidharau thamani hiyo. Inauliza tu ni nani anayesitiriwa.

Siku mama yake, Tamima, anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, ukuta unapata ufa. Biti Farashuu, mwanamke mwenye kisasi cha zamani na Maksuudi, anaingia nyumbani kama mkunga, na Maimuna anapata mwanya wa kukutana na kijana Kabi. Tendo hilo, likipimwa kwa mizani ya kawaida, ni dogo. Mwitiko wa Maksuudi hauna uwiano nalo. Binti anakuwa adui, na Tamima, aliye mzazi, anapigwa na kupewa talaka. Kitanda cha uzazi, ambacho kwa kaida ya pwani ni mahali pa kuangaliwa na kuhurumiwa, kinageuzwa kuwa mahali pa adhabu. Kwa maneno mengine, Maksuudi anavunja kaida kubwa zaidi ili kuadhibu uvunjaji wa kaida ndogo, na anaweza kufanya hivyo kwa kuwa ndiye mwenye ukuta.

Hapa ndipo methali iliyotajwa katika utangulizi inapopata mwili. Swali "mtoto wa nani?" lina jibu moja: ni mtoto wa Maksuudi. Lakini anayeachika ni Tamima. Jina la baba linabaki juu ya mlango, na lawama inatolewa nje pamoja na mama. Mwandishi anaisuta hali hiyo kupitia tukio la nyumbani kwa Kazija, ambako Maksuudi na mwanawe Mussa wanakutana ana kwa ana. Baba aliyemfungia binti ili asionekane na mwanamume anaonekana na mwanawe mahali ambapo hakutakiwa kuonekana. Mshangao upo, hasira ipo, lakini safari hii aliyepaswa kuuliza ni mtoto na aliyepaswa kujibu ni baba. Kaida haikuwa imeandaa maneno ya mazungumzo ya namna hiyo.

Tukio hilo linaweka wazi kwamba jamii ya Utengano inaadhibu kuonekana kuliko inavyoadhibu kutenda. Funika kombe mwanaharamu apite ni methali inayotumika kwa wema pale watu wanapoepusha shari. Maksuudi ameigeuza kuwa kanuni ya maisha: kombe lake limefunikwa miaka yote, na la binti yake limevunjwa siku ya kwanza lilipofunuliwa. Maimuna anakimbia na kuishia Rumbila, katika nyumba ya Mama Jeni, ambako anakuwa kile ambacho ukuta ulijengwa kukizuia. Mwandishi hamwachi huko. Anamrudisha na kumwoza kwa Kabi, na wakati huohuo Maksuudi anaanguka kutoka katika mali na cheo. Malipo haya yana haki ya kishairi, lakini yanazua swali la kihakiki. Kumponya Maimuna kwa njia ya ndoa ni kumrudisha ndani ya kaida ileile, ingawa kwa mlango mwingine. Riwaya inamtoa binti katika nyumba ya baba bila kuonesha namna ambavyo angeweza kusimama bila kuwa katika nyumba ya mtu.

5.0 Vuta N'kuvute: Mlango Unaofunguliwa

Katika Vuta N'kuvute, mpaka unaovukwa ni wa tabaka na asili pamoja na wa kijinsia. Yasmin, msichana wa Kihindi katika Zanzibar ya wakati wa ukoloni wa Waingereza, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa mbali. Anapoiacha ndoa hiyo, jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, rafiki yake Mwafrika, mwimbaji wa taarabu anayeishi Ng'ambo.

Jina la Ng'ambo lina uzito wa kipekee. Huo ulikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya Waafrika na watu wengi wa kipato cha chini. Kwenda Ng'ambo kulikuwa kuvuka mahali na kuvuka hadhi kwa pamoja. Kwa hiyo Yasmin havunji kaida moja. Anaiacha ndoa aliyochaguliwa, anahamia kwa watu ambao jamii yake iliwatazama kutoka juu, na anampenda Denge, kijana anayeupinga utawala wa kikoloni. Jamaa zake wanaitikia kwa kumkana, na dola inamwitikia Denge kwa askari na upelelezi. Shafi anaziweka nguvu hizo mbili sambamba ili msomaji aone kwamba mlango wa nyumba na mlango wa gereza hufungwa kwa mantiki inayofanana.

Jambo linaloitofautisha riwaya hii ni Mwajuma. Katika Rosa Mistika hakuna anayemuuliza Rosa mpaka afike mbinguni. Katika Utengano anayempokea Maimuna kwanza ana kisasi chake cha kulipa. Mwajuma anampokea Yasmin bila faida ya wazi na bila kumtaka ajieleze kwanza. Inafaa kuzingatia kwamba Mwajuma anafanya hivyo kwa kutumia kaida: hodi imepigwa na karibu imeitikiwa. Ukarimu kwa mgeni, kumgawia kilichopo, kumpa mahali pa kulala hata kama chumba ni kidogo, hayo yote ni mambo ambayo mtaa unayajua na kuyaheshimu. Jamaa za Yasmin wanatumia kaida moja kumfukuza, naye Mwajuma anatumia kaida nyingine kumpokea. Kwa hiyo mgogoro wa riwaya hauko kati ya kaida na uhuru pekee. Uko pia kati ya kaida zenyewe, na swali la kimaadili ni ipi itangulie pale zinapogongana.

Yasmin naye hatimaye anaingia katika ndoa nyingine, safari hii kwa hiari yake. Neno "hiari" linaleta tofauti ya kweli. Umbo la nje la maisha yake linaweza kufanana na lile la Maimuna, lakini ameamua mwenyewe.

6.0 Msomaji Mbele ya Kaida Iliyovunjwa

Uhakiki wa mwitiko wa jamii ndani ya riwaya hauwezi kukamilika bila kutazama mwitiko wa jamii kwa riwaya zenyewe. Rosa Mistika ilipotoka ilizua mjadala kutokana na uwazi wake kuhusu mambo ya mwili, na kwa muda ilizuiwa kutumika katika shule za Tanzania. Baadaye ilikubalika na kusomwa kwa upana. Historia hiyo inafuata hatua zilezile zilizotajwa katika sehemu ya pili, ila zimepangwa kinyume: karipio lilitangulia, na kuuliza kukafuata.

Sababu ya wasiwasi huo inaeleweka. Mwalimu na mzazi wana haki ya kujiuliza kitabu kitamfanya nini kijana. Lakini kuna kinaya kikubwa katika kuizuia riwaya hii hasa. Kisa chake kinaeleza madhara ya kumlinda binti kwa kumnyima maneno. Kuwaondolea wasichana kitabu hicho ili wasipotoke ni kutumia dawa ya Zakaria. Kwa namna fulani, riwaya ilifanya jaribio juu ya wasomaji wake, na sehemu ya wasomaji wakatoa jibu ambalo riwaya yenyewe ilikuwa imeshalitabiri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba katika riwaya tatu zilizohakikiwa, ukiukaji wa kaida za kila siku hufichua mgawanyo wa haki ya kuulizwa. Zakaria na Maksuudi wanakiuka kaida kwa miaka mingi, na jamii inawatafutia maneno ya kuwasitiri. Rosa na Maimuna wanapigwa kwa barua iliyoandikwa na mtu mwingine au kwa kukutana na kijana siku moja. Yasmin anafukuzwa na watu wake kabla ya yeyote kutaka kujua aliishije katika ndoa aliyoozwa. Nadharia ya Garfinkel inasaidia kuiona hatua iliyorukwa, ilhali riwaya zinaiongezea nadharia hiyo jambo ambalo zoezi la saa moja halikuweza kulionesha: gharama ya kuvunja kaida kwa mtu asiye na njia ya kusema kwamba lilikuwa zoezi.

Riwaya hizi haziitaki jamii iache kuuliza "huyu ni mtoto wa nani?" Swali hilo ni sehemu ya utu wa Waswahili, kwa kuwa linamchukulia kila mtoto kuwa na watu. Zinachotaka ni swali liulizwe mpaka mwisho. Likiulizwa hivyo, halitakoma kwa Regina wala kwa Tamima. Litafika kwa baba, litamtaka ajibu, kisha litarudi kwa binti mwenyewe likiwa limebadilika na kuwa lile ambalo hakuna aliyemuuliza akiwa hai: "Mwanangu, una nini?"